Siku Thelathini na Nne

Tarehe ishirini na nne ilikuwa ya benki.
Tarehe ishirini na nne tulimzika mjomba Ndesario, Kibosho,
mvua imeshika njia, udongo mwekundu
unapanda mpaka kwenye sketi nyeusi niliyoazima.
Simu ilikuwa ndani ya pochi, pochi ndani ya kanga,
kanga ndani ya gari la mtu.
Iliita? Sijui.
Nilikuwa namenya ndizi za mtori wa watu mia mbili.

Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema.
Mimi matanga yangu yalikuwa ya kweli,
na jeneza lilikula fedha ya kadi.

Kadi yenyewe nyembamba, ya buluu,
ndiyo iliyonunua mashine ya fotokopi
inayonguruma kibandani kwangu, jirani na soko la Mbuyuni.
Laki moja na elfu kumi na nane, basi.
Sikukataa. Sikutoroka.
Nilisema kesho, kesho ikasema kesho kutwa,
watu wakaja na vyeti vya kuzaliwa, wakaacha mia mia,
na siku thelathini na nne zikapita
kama karatasi zinavyopita mashineni wino ukiisha:
zinaingia nyeupe, zinatoka nyeupe, za moto.

Kisha nikalipa. Yote, na faini juu.
Nikadhani imekwisha.

Bibi alikuwa akikopa sukari dukani kwa Mangi.
Daftari lile lilinuka mafuta ya taa.
Ukilipa, Mangi alilamba ncha ya kalamu
akapiga mstari, mmoja, mrefu,
na jina lako likalala chini yake, likapumzika.

Mwezi wa tisa nikaenda kuomba mkopo wa mashine ya pili.
Afisa mikopo alikuwa Ombeni, kijana wa Rau,
ambaye barua zake za kuomba kazi nilizitoa nakala mimi,
nyingine bure.
Akanigeuzia kioo cha kompyuta.
Januari, mia saba na tatu.
Aprili, mia sita na kumi.
"Lakini nililipa."
"Ulilipa, dada Aikande. Hapa imeandikwa ulilipa.
Na hapa imeandikwa ulichelewa.
Yote mawili ni kweli."
Nikamuuliza, hakuna mahali pa kuandika msiba?
Akatafuta, maskini. Akashuka na kipanya mpaka chini kabisa.
Hakuna.

Alama, wanaiita.
Shuleni alama nilipewa kwa kujibu.
Hii ni ile ya ng'ombe, ya chuma cha moto:
kidonda kinapona,
manyoya hayaoti.

Kaka yangu Elifuraha ni mpagazi mlimani.
Husema kupanda ni siku tano, kushuka ni moja na nusu,
na kinachoua magoti ni kushuka.
Nilikuwa sijamwelewa
mpaka nilipojaribu kuinuka kwenye kiti kile cha benki.

Sasa nalipa tarehe ishirini, kabla hawajaniita.
Namba inapanda mbili, inapanda tatu,
mwezi mwingine inakaa tu palepale, inahema.
Mashine ya pili bado ni picha ukutani,
nimeitoa nakala kwa ile ya kwanza.

Jumamosi iliyopita ilikuwa misa ya mwaka ya mjomba.
Tarehe ishirini.
Padri yuko katikati ya sala, simu ikatetemeka kiunoni.
Nikatoka kwa nyayo nyepesi hadi nyuma ya migomba,
nikainama, nikabonyeza namba ya siri
kwa kidole chenye masizi ya mafiga.
Mjane akanifuata. Akaona mgongo, akaona kichwa kimeinama,
akanizungushia mikono kutoka nyuma:
"Lia, mwanangu. Lia tu."

Ujumbe ukaingia: malipo yamepokelewa.

Nikalia.